Hesabu Joto la Chumba cha Dima Kabla ya Kununua Kiyoyozi

Haya ni mazungumzo yaliyotolewa na afisa wa mawasiliano wa kaunti mbele ya kamati za kumbi za umma, mafundi wa stima, vikundi vya sanaa na wakaazi. Tunayachapisha kwa manufaa ya wale ambao hawakuweza kufika.



Najua baadhi yenu mlipoiona mada ya leo mlijiuliza: joto la dima linamhusu vipi mwananchi wa kawaida? Linamhusu kwa njia mbili. Kwanza ni mfuko wake, maana kiyoyozi kinachonunuliwa bila hesabu kinalipiwa kwa ushuru wake. Pili ni mtoto wake, anayesimama jukwaani siku ya tamasha la drama, halafu taa zote zikazimika kwa sababu kile chumba kidogo cha nyuma kimepata joto kupita kiasi.

Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 lilizipa serikali za kaunti jukumu la shughuli za kitamaduni, burudani na huduma za umma. Jedwali hilo hilo lilizipa pia huduma za zimamoto na kukabiliana na majanga. Chumba cha stima cha ukumbi wa umma kinaangukia majukumu yote mawili. Ndiyo maana tumeona tukizungumzie mbele yenu, kisiachiwe mkandarasi peke yake.

Mimi si mhandisi. Nilisomea uandishi wa habari, na kazi yangu ni kuyachukua maneno ya mafundi na kuyaleta kwenu yakiwa yanaeleweka. Hesabu ya leo ni ya kuzidisha na kugawanya tu. Atakayepanga na kuidhinisha kazi yenyewe ni fundi mwenye leseni ya EPRA. Lakini kamati ikiielewa hesabu, itajua la kumuuliza.

Dima hufanya nini

Dima ni kifaa cha kuongeza na kupunguza mwangaza wa taa. Nyumbani unaweza kuwa na moja ukutani, ya kuzungusha kwa kidole. Ukumbini huwa nyingi, zimepangwa kwenye rafu au kabati ndani ya chumba cha stima, na msimamizi wa taa huziamuru akiwa mbali, kwenye meza yake.

Zamani dima zilikuwa za ukinzani. Ukitaka taa ipunguze mwangaza, sehemu ya stima ilipitishwa kwenye waya mgumu, nayo ikaishia kuwa joto pale pale. Taa ilivyofifia ndivyo dima ilivyochemka. Hadi leo kuna watu wanaoamini kwamba mwangaza usiouona kwenye taa umegeuka joto ndani ya dima. Kwa dima za siku hizi si hivyo.

Dima ya sasa hukata stima kwa vipande. Stima yetu Kenya ni ya volti 240 na mizunguko 50 kwa sekunde, na kila mzunguko una nusu mbili. Kwa hiyo mara 100 kila sekunde dima hufunga njia, husubiri kidogo, kisha huifungua. Ikisubiri kwa muda mfupi, taa huwaka sana. Ikisubiri zaidi, taa hufifia. Stima ambayo haikupitishwa haikutumika, wala haikugeuka joto.

Joto la dima basi linatoka wapi? Linatoka kwenye kile kifaa kidogo kinachofungua na kufunga, kwa sababu stima inapokipita hupoteza kiasi kidogo cha nguvu. Linatoka pia kwenye koili inayotuliza mkato huo ili taa zisivume na vipaza sauti visipate kelele. Hasara zote mbili huongezeka kadiri stima inayopita inavyoongezeka. Maana yake ni kwamba dima hutoa joto jingi zaidi taa zikiwaka kikamilifu, si zikififia. Basi tuhesabu kwa saa ile taa zote zimewashwa.

Namba tatu za kutafuta

Namba ya kwanza ni wati za taa zilizounganishwa kweli. Usichukue uwezo ulioandikwa kwenye rafu. Hesabu taa moja moja, usome kila moja ni ya wati ngapi, ujumlishe.

Namba ya pili ni asilimia inayopotea ndani ya dima. Watengenezaji wengi huandika kwamba dima zao hupitisha asilimia 95 hadi 98 ya nguvu. Kinachobaki, yaani asilimia 2 hadi 5, ni joto. Soma kitabu cha kifaa chenu. Kama kitabu kimepotea, chukua 5, kwa sababu ni heri kukosea kwa upande wa usalama.

Namba ya tatu ni joto la vifaa vingine vilivyomo humo chumbani: vidhibiti, UPS, vifaa vya intaneti, vikuza sauti ikiwa vimewekwa humo. Haba na haba hujaza kibaba.

Tuchukue mfano. Ukumbi una rafu ya dima 24, kila moja ya ampea 10. Ampea 10 kwa volti 240 ni wati 2,400. Mara 24 ni wati 57,600. Huo ndio uwezo wa rafu.

Lakini ukumbi huo una taa 20 za wati 1,000 na taa 16 za wati 500. Jumla ni wati 28,000. Asilimia 5 ya 28,000 ni wati 1,400. Hilo ndilo joto la dima taa zote zikiwa zimewashwa kikamilifu. Ni kama pasi moja ya stima iliyoachwa ikiwaka ndani ya chumba hicho tangu shughuli ianze hadi iishe.

Ongeza wati 200 za vidhibiti na UPS, tupate 1,600. Kisha ongeza robo ya akiba, kwa sababu vikundi vinavyokodi ukumbi huja na taa zao na kuzichomeka kwenye dima zilizobaki wazi. Tunafika wati 2,000. Tuiweke namba hiyo kichwani.

Na zile wati 28,000 za taa zenyewe? Karibu zote zinaishia ukumbini, kama mwanga na joto linalowapata waigizaji na watazamaji. Hilo ni suala la madirisha na feni za ukumbi. Ukilihesabu ndani ya chumba cha stima, umehesabu joto la chumba kingine.

Makosa mawili yanayogharimu

Kosa la kwanza ni kuchukua uwezo wote wa rafu na kuuita joto. Viyoyozi huuzwa kwa kipimo cha BTU, na wati moja ni takriban BTU 3.41 kwa saa. Mtu akichukua wati 57,600 zote, atapata zaidi ya BTU 196,000. Ataagiza viyoyozi vinane vya BTU 24,000 kila kimoja, na kwenye karatasi bado vitaonekana havitoshi. Joto la kweli, wati 2,000, ni BTU 6,820 hivi. Kiyoyozi kimoja cha BTU 9,000, ambacho ni miongoni mwa vidogo vinavyouzwa madukani, kinalimudu. Huenda hata hicho kisihitajike, kama tutakavyoona.

Pesa za vile viyoyozi vingine zingeweza kununua vizima moto, kurekebisha choo cha ukumbi, au kutengeneza njia ya kiti cha magurudumu. Na gharama haiishii kwenye kununua. Kuna bili ya stima kila mwezi, na kuna fundi wa kuvihudumia.

Kosa la pili ni kinyume chake. Mtu anasema dima haitoi joto la maana, hivyo chumba kinazibwa kila upande ili wezi wasiingie. Fikirieni chumba cha mita 3 kwa 4, urefu mita 2.5. Kina mita za ujazo 30 za hewa. Wati 1,400 zinaweza kuipandisha hewa hiyo nyuzi joto moja katika muda usiofika nusu dakika. Kuta na sakafu hufyonza sehemu kubwa ya joto hilo, kwa hiyo halipandi kwa kasi hiyo saa nzima. Lakini lisipopewa njia ya kutoka, litaendelea kupanda.

Dima nyingi zimetengenezwa zifanye kazi katika hewa isiyozidi nyuzi joto 40. Zikipita hapo, zile zenye kinga hujizima zenyewe ili zisiungue. Kwa kifaa, huo ni wokovu. Kwa ukumbi uliojaa watu usiku, ni giza la ghafla, na watu wanakimbilia mlango mmoja. Ndiyo maana taa za dharura na za milango ya kutokea zisipitishwe kwenye dima kamwe. Ziwe na njia yake.

Hata pasipo giza, joto linakula vifaa polepole. Betri za UPS za asidi hupoteza karibu nusu ya maisha yake kwa kila nyuzi 10 zinazozidi 25. Betri ambayo ingedumu miaka minne ikikaa kwenye nyuzi 35 huenda ikafa baada ya miwili, na kamati ikalaumu duka lililoiuza.

Kulitoa joto

Joto likishajulikana, swali ni moja: hewa inaingia wapi na inatokea wapi? Kuna kanuni fupi ambayo mafundi huitumia. Chukua wati, zidisha kwa 3, gawanya kwa tofauti ya nyuzi unayoiruhusu kati ya hewa ya nje na ya ndani. Jibu ni mita za ujazo za hewa kwa saa.

Pwani, tuseme nje ni nyuzi 32 na kikomo chetu ndani ni 40. Tofauti ni 8. Wati 2,000 mara 3 ni 6,000. Gawanya kwa 8, ni mita za ujazo 750 kwa saa.

Katika mji wa nyanda za juu kama Nakuru, ulio mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, tuseme nje ni nyuzi 26. Tofauti ni 14. Sita elfu gawanya kwa 14 ni 429 hivi. Lakini huko juu hewa ni nyepesi kwa karibu sehemu moja ya tano, na hewa nyepesi hubeba joto kidogo. Kwa hiyo tunagawanya tena kwa 0.8, tunapata 536. Feni iliyotosha mahali pa chini haitafanya kazi sawa mahali pa juu, hata kama kibandiko chake ni kile kile.

Feni ya ukutani ya kutoa hewa inaweza kuimudu kazi hiyo kwa gharama ndogo kuliko kiyoyozi, mradi nafasi ya kuingizia hewa iwe chini na ya kutolea iwe juu upande wa pili, maana hewa ya moto hupanda. Wekeni wavu wa kuzuia panya na wadudu, na chujio la vumbi. Chujio lisafishwe, kwa sababu likiziba, ile hesabu yote imekufa. Palipo na chumvi ya bahari, au nje kukiwa kumekaribia nyuzi 40, kiyoyozi kinaweza kuwa na haki yake. Hapo kisiwekwe juu ya rafu ya dima, kwa sababu kiyoyozi hudondosha maji.

Kuna jambo jingine ambalo mafundi wamenisisitizia. Stima iliyokatwa vipande hupasha moto hata nyaya. Katika mfumo wa fezi tatu, mikondo ya kawaida ikigawanywa sawasawa hufutana kwenye waya wa nyutro. Mikondo ya dima haifutani yote. Nyutro inaweza kubeba ampea nyingi kuliko fezi yenyewe. Fundi aulizwe kama nyutro imepimwa kwa kazi hiyo.

Stima ikipotea

Sote tunajua stima hupotea. Swali la kuuliza ni hili: jenereta ikiwaka, inawasha nini? Utakuta jenereta imeunganishwa na taa za jukwaa na vipaza sauti, lakini feni au kiyoyozi cha chumba cha dima kimeachwa nje. Shughuli inaendelea, watu wanapiga makofi, na joto linaendelea kumwagika ndani ya chumba kisicho na upepo. Kinachotoa joto na kinachoondoa joto viunganishwe pamoja, viwake pamoja, vizimike pamoja.

Mkielekea LED

Kumbi nyingi zinahamia taa za LED. Taa ya jukwaa ya LED ya wati 200 inaweza kuchukua nafasi ya taa ya zamani ya wati 1,000 kwa kazi nyingi. Nyingi za taa hizi hujipunguzia mwangaza zenyewe kwa amri ya meza ya taa, na hutakiwa kupewa stima ya moja kwa moja isiyopita kwenye dima. Taa 36 za wati 200 ni wati 7,200 tu, na hazipiti kwenye rafu.

Kwa hiyo kamati inayopanga kubadilisha taa mwaka ujao isinunue kiyoyozi cha taa za mwaka huu. Ianze na taa, kisha ipige hesabu upya. Na ibakize taa chache za zamani ikizihitaji, ikihesabu hizo peke yake.

Tunachowaomba

Kwa kamati: chumba cha stima si stoo. Viti vya plastiki, hema, mapazia na mabango ya mikutano vitolewe humo. Vinaziba njia ya hewa, na moto ukianza ndivyo vinavyoulisha. Ning'inizeni kipimajoto ukutani karibu na rafu, na msimamizi aandike nyuzi kwenye daftari shughuli ikianza, ikifika katikati na ikiisha. Baada ya shughuli chache mtakuwa na ushahidi wenu wenyewe, wa ukumbi wenu wenyewe. Mkataba wa kukodi ukumbi uandike pia kiwango cha juu cha wati ambacho mgeni anaruhusiwa kuongeza.

Kwa mafundi: pale taa zilipo nyingi au hazijulikani, pimeni ampea za kila fezi wakati wa tukio zito kuliko yote. Katika mfano wetu mngepata ampea 39 hivi kwa kila fezi. Tumieni mita yenye maandishi ya True RMS, kwa sababu mita ya kawaida hudanganywa na mawimbi yaliyokatwa.

Kwa wakaazi: Ibara ya 35 ya Katiba inampa kila raia haki ya kupata habari iliyo mikononi mwa serikali. Kikao cha ushiriki wa umma kikiitishwa kuhusu ukarabati wa ukumbi, msiogope kuuliza. Taa zilizounganishwa ni wati ngapi? Asilimia inayopotea imetoka kwenye kitabu gani? Hewa inaingia wapi na inatokea wapi? Stima ikipotea, nini kitaondoa joto? Na baada ya miaka miwili tutakuwa bado na taa hizi?

Ni maswali matano. Mkandarasi aliyefanya kazi yake atayajibu kwa karatasi moja. Asiyeweza kuyajibu, tenda isitiwe sahihi hadi arudi na majibu.

Mafundi wako hapa mbele, na kama una maswali kuhusu ukumbi wa wadi yako, njoo na orodha ya taa zenu tuihesabu pamoja.